Nyenje wa Upande wa Pili

Lima hainyeshi. Ina ukungu tu,
unaolowesha kope na kuacha ndoo kavu.
Tulipanda ngazi za manjano, mia mbili na kumi na nne,
Ximena na kamera yake shingoni,
mimi na maikrofoni niliyoivika manyoya.
Watoto wakasema ni paka,
wakaiuliza kama imekula.

Juu kabisa, ukuta.
Saruji, juu ya saruji seng'enge,
nyuma ya seng'enge vichwa vya mitende
vilivyochanwa vizuri.
Ximena aliupiga picha asubuhi, adhuhuri, alasiri,
akingoja jua litoke. Jua la Julai mjini humu
huomba ruhusa kwanza,
na siku ile lilinyimwa.

Mimi nilinasa:
lori la maji, honi mbili;
maji yakiangukia pipa tupu,
sauti nene ya mtu anayeitikia toka usingizini,
kisha ikipanda, ikikonda, kadiri pipa linavyojaa;
sarafu za Herlinda Ccahuana
zikihesabiwa mara ya pili
kwa kuwa mara ya kwanza hazikutosha.
Mbwa. Cherehani. Na Herlinda mwenyewe:
"Sogea, mwanangu, umekanyaga bomba."

Upande wa pili tuliingia kwa barua tatu
na mlinzi nyuma yetu, Wilmer,
aliyetuonyesha kwa kidevu paa la nyumba yake,
pale chini, jiwe ukilirusha linafika.
Yeye hufika kwa basi mbili na saa moja na nusu.
Kule sikupata mengi.
Jokofu. Kisigino kwenye marumaru.
Na usiku, bustanini, kidude kinachozunguka,
chi-chi-chi-chi,
kikinyweshea nyasi
ambazo sikuona mtu akizikanyaga.

Macho hayana pazia, walisema wahenga.
Kuhusu masikio walinyamaza,
au labda hapakuwa na ukuta wa kuwafundisha.

Agosti tukafungua maonyesho
katika nyumba kuukuu karibu na bahari.
Tulitundika ukuta ukutani.
Bwana mmoja alivaa hedifoni,
akafumba macho mbele ya pipa la Herlinda,
glasi mkononi.
"Inatuliza," alisema.

Herlinda alikuja kwa kuchelewa,
viatu vya kanisani, na jirani yake Tarcila.
Picha yake aliitazama kidogo tu:
"Mbona hukuniambia nifunge kifungo?"
Akavaa hedifoni. Si zake. Zile za upande wa pili.

Alisimama pale mpaka sauti ikazunguka mara tatu.
"Hawa ni nyenje wangu," akasema.
Miaka kumi na tisa, usiku,
amelala akiwasikia nyuma ya ukuta.
Aliwaambia wanawe kule kuna shamba,
na penye nyenje, mvua haiko mbali.

Ningeweza kukaa kimya.
"Mama," nikasema, "ni maji.
Ni ya kumwagilia nyasi."

Alizivua hedifoni kwa mikono miwili,
kama mtu anayeipua sufuria.
"Ulinasa lini?"
"Jumanne."
"Jumanne." Akafikiri.
"Jumanne lori halikuja."

Nilitafuta neno. Kihispania kina maneno mengi,
na babu yangu aliniachia mengine ya Kikechua.
Hata moja halikujitokeza.

Tarcila ndiye aliyezichukua hedifoni,
akazipachika juu ya kilemba cha sufi,
akafumba macho, akatabasamu kama msichana.
"Herlinda! Sikia! Nyenje wetu!"
Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo
watu walioziba masikio,
na glasi zote chumbani zikageuka.

Herlinda akanitazama.
Akaubana mdomo.
Nami nikapeleka kidole kwenye kitufe
nikaongeza sauti kidogo.