Tope la Wesha

Mwalimu Tumu aliniambia tangu Jumatano:
"Mkasi, Jumamosi naleta watoto thelathini na wawili,
wajifunze kitambaa cha Mali."
Mali ya nani? nikamuuliza.
Akacheka mpaka akashika ukuta wa ngome.
Nchi, akasema. Mbali, ukingoni mwa jangwa,
haina bahari hata ya kuchovya kidole.

Nikatandika magazeti ya mwaka juzi,
waheshimiwa wote kifudifudi, wasichafuke.

Kwanza mtungi.
Wiki tatu umekaa uani, umezibwa mdomo kwa kigae,
ndani yake tope la mikokoni, la Wesha,
alilolichota Faki kwa ndoo, suruali mapajani.
Linachacha. Linanuka
hadi wageni wa tiketi wakawa wananitazama mimi.
"Kule hulilaza mwaka mzima," anasema Tumu.
Mwaka!

Kisha gome la mkandaa, limechemshwa tangu alfajiri,
maji mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni.
Kule wana majani ya mti wao, mti ambao hatuna;
kwa hiyo ubaoni akaandika:
Gome hili ni letu, kazi hii ni yao,
akalipigia mstari neno yao.
Bafta zikazama nyeupe, zikaibuka
na rangi ya karafuu siku ya pili jamvini.

Miaka kumi na tisa nafuta kioo kile
chenye vigae vya Ras Mkumbuu,
kwa tambara hili, kwa mkono huu,
na juu yake kibao: TAFADHALI USIGUSE.
Mimi mwenyewe sijavigusa.
Leo chini ya kibao hicho hicho
vidole mia tatu na ishirini vimo topeni.

Shaame kauliza kama anaweza kuchora pweza.
"Chora," kaambiwa, "ila usiseme ni alama yao."
Mize binti Kombo, wa Chachani,
kanakili kutoka pichani mistari inayokwenda na kurudi.
"Hii ina maana gani, mwalimu?"
Nikaacha kufagia, nisikie.
Tumu akavua miwani.
"Hiyo sijui. Wanaoijua ni kina mama wa kule,
mama kwa binti. Nitamwandikia Bi Nyeleni,
aliyetuletea picha, nimuulize."
Sijui!
Ndani ya Makumbusho,
mahali ambapo kila kijiwe kina karatasi yake.

Zikaanikwa. Tope likakauka,
likapasuka kama kisigino changu.
Wakati wa kusuuza Mize akaanza kulia,
kazi yake yote inakwenda na maji.
"Ngoja," wakamwambia, "ngoja kidogo."
Tope likaenda. Weusi ukabaki,
umeuma kwenye uzi.

Saa kumi wamekwisha kwenda. Nikapiga magoti:
maji ya gome yamemwagika, tope juu yake,
nikafuta, nikakamua, nikafuta,
nikiwataja mmoja mmoja, na si kwa wema.
Tambara nikaliloweka kwa sabuni ya kipande.
Nikalifikicha. Nikalipiga jiweni.
Halikutoka.
Asubuhi nikalianua: madoa meusi, na kati ya madoa
mistari inayokwenda na kurudi
kama mkono wangu unavyokwenda na kurudi sakafuni.

Tumu analitaka. Ataliwekea kioo, anasema,
na karatasi yenye jina langu.
Na pale penye maana, nikamuuliza, utaandika nini?
Akanyamaza. Akavua miwani tena.

Nikamwambia Jumatatu nina deki ya kupiga,
na tambara linalonyonya maji vizuri ni hilo hilo moja.
Ila siku hizi nikilikamua
nalikamua taratibu.