Bahasha ya Kura

Imekuja pamoja na bili ya umeme,
bahasha ya kijivu ya serikali,
swali moja ndani, visanduku viwili: ndiyo, hapana.
Je, wakubali daktari amwandikie heroini
mgonjwa ambaye kila kingine kimemshinda?

Kila kingine.
Nimesoma mara tatu, miwani puani,
viazi vikitokota nyuma yangu.
Hicho "kila kingine" nakijua. Nimekizaa, kinaitwa Reto.

Kila kingine ni ile bustani ya Zurich, nyuma ya makumbusho,
nilikomtafuta na picha yake ya kipaimara mkononi,
nikiruka mabomba ya sindano kama mtu avukaye madimbwi.
Wakaifunga kwa lango la chuma.
Mateja wakahamia Letten, kwenye stesheni iliyokufa kando ya mto,
wakafukuzwa na huko.
Ukiziba paa hapa, panavuja pale.
Kila kingine ni jela, mara mbili.
Ni shamba la wacha Mungu huko juu milimani, ng'ombe na sala;
alirudi na mashavu, akadumu siku kumi na moja.

Na mimi pia nimo.
Usiku mmoja wa Februari nilitia komeo,
arosto ikimtetemesha upande wa pili wa mlango.
Nilisimama na soksi tu, nikayasikia meno yake.
Asubuhi nilikuta amelikunja zulia la kufutia miguu,
amelikunja vizuri, kama nilivyomfundisha.

Jirani yangu Fridolin amekwisha kupiga kura.
Aliniambia juu ya ua, mkasi wa kupogolea mkononi:
"Mtoto akililia wembe, mpe. Haya.
Lakini ununuliwe kwa kodi yangu?"
Sikumjibu. Nilimpa chupa ya jamu ya plamu,
maana ni mtu mwema; mwaka niliovunjika nyonga
ndiye aliyekuwa akinichotea theluji mlangoni.

Ila wembe, Fridolin, Reto alikuwa nao siku zote.
Aliuuziwa gizani, una kutu,
umechanganywa na chokaa na Mungu ajuaye nini,
akajikatia chooni, peke yake, mlango umefungwa.
Corsin rafiki yake alikutwa hivyo hivyo,
mkanda mkononi,
mkate wa mchana mzima ndani ya mkoba.

Sasa kuna chumba, bado wanakiita cha majaribio.
Muuguzi Zgraggen hana maneno mengi.
Anapanga pamba, spiriti, kipimo kilichoandikwa jina,
asubuhi na jioni,
kisha anauliza, "Kidole kinaendeleaje?"
kwa kuwa Reto alikibana kwenye mnyororo
katika karakana ya baiskeli, anakofanya kazi siku tatu kwa wiki.
Miaka kumi na minne hakuna aliyemuuliza habari ya kidole.

Dawa ya moto ni moto: tulikuwa tukisema hivyo
tukimaanisha fimbo.

Hajapona. Asije mtu akaniambia amepona.
Jumapili alikuja, meno mawili hayapo,
akala sahani mbili, akaitazama bahasha karibu na chumvi.
"Mama, umeshajaza?"
"Bado."
Hakuuliza tena. Alikausha vyombo,
akaning'iniza kitambaa mahali pasipo pake.

Leo nimechukua kalamu ya kuandikia orodha ya sokoni.
Alama yangu imetoka nje ya kisanduku kidogo;
nadhani wataielewa.
Nimelamba gundi, chungu kama kidonge,
nikatoka na malapa ya jikoni hadi sanduku la posta la manjano
kabla gari la saa kumi na moja halijapita.

Niliporudi viazi vilikuwa vimeshika chini ya chungu.
Nimevila hivyo hivyo.