Mzazi wa Muhindo

Kwetu jina ni namba.
Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, ndiye mimi,
na mvulana aliyekuja nyuma yetu akageuza mstari,
akaitwa Muhindo.
Unazaliwa, unakuta kiti chako kimeshawekwa.
Cha Masika kilikuwa karibu na mlango.

Mama alipanda basi la Kampala mwezi wa pili,
jua kali, chumvi ikiganda vizuri,
akaenda Dammam kuosha vyombo vya watu.
Alimwachia Masika bwawa letu, la saba kutoka kwenye mti wa miiba,
na simu yenye kioo kilichopasuka,
na neno moja, "Wewe si mtoto tena,"
alilolisema huku akimfunga vifungo vya sare ya shule.

Miaka kumi na sita.
Alfajiri anaingia bwawani hadi magotini,
anakwangua, anakusanya.
Maji ya Katwe yanamla miguu polepole, kama riba.
Saa moja anajisuuza kwa nusu kidumu,
anavuta soksi juu ya vidonda,
anageuka mwanafunzi.

Jumamosi lori la wanunuzi lilifika.
"Mwenye bwawa yuko wapi?"
"Ni mimi."
"Namuuliza mama yako."
"Nimesema ni mimi."
Siku hiyo walimpunja.
Wiki iliyofuata aliketi juu ya magunia
na hakushuka hadi alipohesabu noti mara mbili,
akilamba kidole kama Mama.

Usiku, sauti kutoka Dammam:
bosi ni mwema, chakula kipo, nimenenepa hata.
Na Masika: sisi wazima, Muhindo homa ilimtoka juzi,
anacheza tu hapo nje.
Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kitambaa cha maji,
Muhindo anawaka kama jiko mapajani pangu,
nimemziba mdomo asikohoe.

Siku ya mkutano wa wazazi alivaa gomesi ya Mama.
Mabega ya gomesi yalisimama, yake hayakuyafikia.
Akajibana kwenye dawati la darasa la nne
kati ya mzee mwenye fimbo na mama anayenyonyesha.
"Mzazi wa Muhindo?"
Mtu akacheka.
Masika akasimama, akauliza kwa nini hesabu zimeshuka,
na kama tumelipia uji, mbona watoto wanakunywa maji meupe?
Hapo hakucheka mtu.

Usiku uleule alitoa ripoti yake mwenyewe kwenye begi.
*Anasinzia darasani. Mzazi afike shuleni.*
Akaisogeza kwenye taa, akaisogeza tena.
Kisha, palipoandikwa sahihi ya mzazi, akatia sahihi,
na chini, penye maoni, kwa mwandiko wa kulala:
*Nimeongea naye. Atajitahidi.*

Mwezi wa nne mvua ilipiga siku nne.
Chumvi ya wiki tatu ikarudi kuwa maji.
Alisimama ukingoni, mikono kiunoni,
hakulia, akaniambia tu, beba hicho kidumu twende.

Mbele ya duka la Thembo wasichana walikuwa wanaruka kamba.
Tukawapita.
Hatua kama kumi hivi, akatua mzigo wake.
"Biira, shika huku."
Akaingia katikati.
Thelathini, arobaini, kandambili zikamtoka,
soksi zikalowa nyekundu kwenye visigino,
naye anapiga kelele, "Hamsini na mbili! Mmeniibia mbili, wezi nyie!"
akagombana kwelikweli, hadi machozi,
kwa ajili ya miruko miwili,
yeye aliyepoteza magunia tisa asubuhi ile bila neno.
Wakamrudishia mbili zake. Akaanza upya.
Giza likaingia tukiwa tunahesabu.

Harufu ndiyo iliyotukumbusha maharage.

Tuliyakula hivyohivyo, meusi, na ugali wa muhogo.
Masika alichota la kwanza, akatafuna, macho kwenye sahani.
Muhindo alifungua mdomo aseme kitu.
Nikamkanyaga mguu.