Boya

Bwawa limeshuka tena vidole viwili.
Kigae cha tatu, cheupe kwa chokaa,
kimejitokeza kama ufizi.
Hapa Tucson, mwezi wa sita, mvua ni habari za watu wengine.
Jua hunywa bila kikombe na halisemi ahsante.

Naburuta mpira kutoka ukutani,
nautumbukiza, nafungua bomba, naketi.
Dakika arobaini. Kahawa moja, kurasa mbili za gazeti,
na mjusi yuleyule juu ya tofali
akijiinua na kujishusha kama kuruta.
Halafu nasahau.
Mwezi uliopita nilisahau mpaka saa nane usiku,
maji yakavuka ukingo, yakaenda kwa Delphine, jirani,
kuogesha dungusi zake zisizoomba kuogeshwa.
Bili ya mwezi ule niliisoma nimekaa kitako.

Maribeth kanipigia simu kutoka Duluth:
"Baba, weka kile kifaa. Kinajaza chenyewe.
Una miaka sabini na sita."
Kana kwamba miaka ni kitu kinachovuja.

Akaja Ignacio Bórquez, fundi, penseli sikioni.
Akapima, akachuchumaa, akafunua kiganja:
"Ni boya tu, mzee, kama lile la tangi la choo chako.
Maji yakishuka linashuka, vali inafunguka.
Yakipanda linapanda, vali inafumba mdomo.
Dola mia tisa, pamoja na kuchimba."

Nikamuuliza: na bwawa likivuja, nitajuaje?
Akanyamaza.
Fundi mkweli utamjua hapo anaponyamaza.
"Hutajua," akasema. "Litakujazia na ufa wako."

Hilo likanikaa kooni.
Maana Noreen naye alikuwa hivyo.
Miaka thelathini na moja, mimi nikipungua, yeye akijaza:
chumvi, soksi, tarehe za kuzaliwa,
jina la mtu aliyenisalimia kanisani nisimkumbuke.
Sikuona chochote kikishuka.
Alipoondoka ndipo nikaviona vigae,
safu baada ya safu, hadi sakafuni.

"Kabla hujanilipa," Ignacio akasema, "tafuta ndoo."
Nikaijaza, nikaisimamisha kwenye ngazi ya pili ya bwawa,
jiwe ndani yake isielee,
nikachora mstari kwa wino mzito, ndani na nje.
Jua ni moja, upepo ni mmoja.
Ndoo haina ufa: ikipungua, ni anga limekunywa.
Bwawa likiipita kwa kupungua,
basi chini kuna mdomo mwingine.

Usiku ule usingizi haukunikaribia.
Chururu si ndo ndo ndo, ndiyo,
lakini chururu nisingeiogopa, ina kelele.
Nilitega sikio kwa ile ndo moja
inayodondoka mahali nisipopajua, tangu lini sijui.

Alfajiri nikatoka na rula, miguu mitupu.
Ndoo: milimita tisa.
Bwawa: milimita tisa.
Nikapima tena, maana mimi ni mtu wa kupima tena.
Tisa.
Nikacheka hadi mjusi akakimbia.
Hakuna kinachovuja, Noreen.
Ni vile tu mambo yanavyoondoka mahali penye jua.

Nimemwambia Ignacio aje Jumatatu achimbe.
Ila aweke koki hapa, mkono wangu unapofika,
nami kila Alhamisi nitaifunga.
Akaniuliza, ya nini?
Nikamwambia andika tu.
Alhamisi bwawa litashuka linavyopenda,
nami nitakaa na kahawa, nyayo majini,
nione limekwenda kiasi gani.

Mpira nimeukunja. Sijautupa.
Mjusi ameshahamia juu yake,
juu, chini, juu,
hana wa kumhesabia.