Napima Mwanga Tu

Uongo wangu wa kazi ni mmoja:
"Bado sijaanza. Napima mwanga tu."
Nimewaambia mabwana harusi,
wazee waliobana matumbo,
watoto walioahidiwa aiskrimu wakitulia.
Wakisikia hivyo mabega hushuka,
midomo hurudi mahali pake,
na hapo ndipo naiba.

Mwangome na Dzame walilipia saa nzima, Mama Ngina.
Wamekuja na orodha simuni:
paji kwa paji, mkono kiunoni,
abebwe juu kama gunia la mchele.
Tulifanya yote. Zikatoka kama tangazo la duka la suti.
Halafu ukapita mhogo wa kuchoma,
ndimu ikamrukia Dzame jichoni,
naye, bila kuona, bila kuomba,
akaivuta tai ya Mwangome akafutia.
Tai mpya. Ya kuazima.
Mwangome ameinama, shingo imenyooka kama mbuzi avutwaye sokoni,
na uso wake, jamani,
uso wake ndio niliokuwa nautafuta tangu saa tisa.

Wengine hawaibiki.
Kuna mama mmoja wa Kizingo, saa mbili na nusu,
hakunipa hata kope.

Familia ya Bwana Mwaluma, Changamwe, sebuleni.
Baba katoka Doha wiki ile,
miaka minne akilinda lango la watu.
Kochi lingali na nailoni yake.
Nikasema napima mwanga.
Akampigia binti yake makofi ya kumwita: njoo.
Wawuda akamtazama, akamtazama mama,
akauliza, "Anko atalala hapa tena leo?"
Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.
Nilidhani ataitaka ifutwe.
Aliperuzi zote, themanini na kitu,
akasimama kwenye ile ya mikono yake iliyofunguka, mitupu.
"Hii nitolee ndogo," akasema. "Ya pochi."

Na Saumu, aliyevalishwa leso za duka la Biashara Street,
jozi kumi na nane kabla ya adhuhuri,
kidevu juu, mgongo kwenye ukuta wa matumbawe,
mwenye duka akisema cheka, usicheke, cheka kidogo.
Wakati wa mapumziko alikaa barazani,
akavua kiatu, kisigino kimefungwa plasta mbili,
simu sikioni: "Nimeshakula, mama. Wallahi nimeshiba."
Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu kinywani.
Akasikia mlio.
"Futa hiyo, kaka."
Nikafuta, yeye akiangalia, na kwenye takataka nikafuta.
Nina picha elfu arobaini kwenye diski.
Ninayoiona usiku ni ile isiyokuwamo.

Jumanne iliyopita amekuja Bi Khulthum, eda imekwisha.
Miaka mitatu nyuma alikuja na Bwana Shee,
wakachagua picha moja ya heshima:
koti, bakora, macho mbele.
"Ile aliyopiga chafya," akasema, "unayo?"
Ile waliyoicheka na kuikataa.
Feni inakwaruza, nafungua folda baada ya folda,
harusi za watu, mahafali za watu,
yeye kimya, mkoba magotini.
Ikatokea.
Uso wa Bwana Shee umekunjamana kama karatasi ya bajia,
kofia iko hewani,
na mkono wa Bi Khulthum umeshaondoka kwenda kuidaka
kabla macho yake hayajajua.
Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kiooni.
"Huyu," akasema. "Yule wa ukutani simjui."

Akauliza bei.
Nikamwambia ile hata si picha, mama,
nilikuwa napima mwanga.
Akanitazama kama mtu amtazamaye muuza samaki
aliyesema wamevuliwa leo,
akaweka mia mbili chini ya kibodi,
akateremka ngazi polepole, moja moja,
bahasha kaishika kwa mikono miwili.