Waya wa Njano

Asubuhi ya tatu mfululizo Starlet imegoma.
Nazungusha ufunguo: tik. Narudia: tik,
kama mtu anayenifyonya.
Vijana wa kijiwe, hapa Makorora, wameshanizoea,
waja na kandambili zao, hawangoji kuitwa,
"Sista, tia gia ya pili, achia klachi tukikwambia,"
na mimi na sare yangu nyeupe
nafika Bombo zamu imeshaanza,
nanuka moshi badala ya sabuni.

Betri niliinunua Mfunguo Mosi. Risiti ninayo.

Fundi Semhando, Barabara ya Kumi na Tatu,
hakukimbilia boneti. Alikaa kitini,
akachomoa ufunguo, akaniambia nisikilize.
Sikusikia kitu.
"Ndiyo hivyo," akasema. "Yala kimyakimya."
Akafungua kichwa cha hasi, akaweka mita katikati,
namba zikapanda, zikakaa huko huko.
Akang'oa fyuzi mojamoja
kama anayechambua mawe kwenye mchele,
hata alipong'oa ya redio, namba zikaporomoka.
"Kikulacho," akasema. Hakumalizia.

Akaivuta redio, matumbo yote nje.
Nikasomeshwa nimesimama juani:
mweusi ni wa bodi, huo hauna neno;
mwekundu huamka na ufunguo, hulala na ufunguo;
wa njano haulali, kazi yake kukumbuka
saa ni ngapi, stesheni uliiacha wapi,
na kwa kukumbuka hunywa tone, tone tu,
betri hata haihisi.
"Sasa huyu aliyefunga hapa
kauchukua mwekundu, kausokota na wa njano.
Kauambia nawe usilale."

Nikainama nione.
Haikuwa tepu ya fundi.
Ilikuwa plasta, nyeupe, ya hospitali,
imekatwa kwa meno.
Plasta ya droo yangu.

Na siku zote hizo nilikuwa namlaani Mjapani.

Baba alisimama kwenye korona ya mkonge miaka thelathini na moja.
Mashine ilimwachia sikio moja, nalo nusu.
Redio yake ndani ya nyumba humwamsha mtoto,
na aliyesema "Baba, punguza" ni mimi.
Nilisema mara moja. Labda mara nne.
Tangu hapo akawa aaga mapema, eti usingizi,
na ufunguo wa gari mimi naulalia chini ya mto,
basi akatafuta njia isiyotaka ufunguo:
mzee wa miaka sabini na sita,
kurunzi mdomoni, mgongo kwenye pedali.

"Nitenganishe?"
"Tenganisha."
Elfu kumi na tano, na soda.
Nilipokwisha kulipa nikauliza:
"Na mtu akitaka kusikiliza, gari limezimwa?"
"Mtu gani?"
Nikatazama barabarani.
"Ufunguo hatua ya kwanza tu. Saa moja, moja na nusu, basi.
Umeme nao Mtanga huo: waja leo, waondoka leo."

Usiku nikautundika ufunguo kwenye msumari,
pale anapotundika tasbihi yake.
Sikusema. Naye hakusema.
Saa nne mlango wa Starlet ukafungwa taratibu,
kama mtu anayemeza kikohozi,
kisha taarifa ya habari, bei ya mkonge, matokeo ya mpira,
kwa nguvu zote, vioo vimepandishwa.
Mtoto hakugeuka hata ubavu.

Saa tano na nusu nikatoka, kanga begani.
Kalala mdomo wazi, ile nusu ya sikio
imegusa spika ya mlango.
Nikapitisha mkono juu ya magoti yake,
nikaurudisha ufunguo nyuma.
Kimya. Humo ndani, gizani,
waya mmoja bado wakumbuka walipofikia.

"Nani kazima?" akasema,
macho hajafumbua.