Mtihani wa Ubaoni

Ruzuku ya muhula huu imekuja nusu.
Rimu zimekwisha, mashine ya chapa imekauka wino.
Basi mtihani wa darasa la sita, hapa Sikonge,
naandika ubaoni.

Ubao wetu unabeba maswali kumi na mawili.
Bado ishirini na nane.
“Tayari?” nauliza.
Wa mbele wanaitikia.
Nafuta.

Nyuma kabisa, Nyamizi,
wa nne kwenye dawati la wawili,
kainamia swali la saba:
mizinga mitano ya mzee Kasubi,
kila mmoja lita tisa za asali...

Usiku nasahihisha kwa tochi ya simu.
Kaandika saba, nukta,
kisha, kwa mwandiko safi:
“Mwalimu umefuta.”

Nimeizungusha kalamu nyekundu
mpaka tochi ikafifia.
Nikampigia vema.